Sheria ya Tabianchi na Haki ya Kuulizwa

Wapo watu wengi, na miongoni mwao wamo wasomaji wetu, wanaodhani kuwa habari ya dunia kuzidi joto ni habari ya mataifa makubwa yenye viwanda, na kwamba sheria inayohusu jambo hilo, ikiwa ipo, ni shughuli ya mawakili na mabalozi wanaokutana katika miji ya Ulaya. Mwezi huu twapenda kuzungumza nao juu ya nchi ya Kenya, ambayo tangu mwaka 2016 ina sheria yake yenyewe juu ya mabadiliko ya tabianchi. Twataka hasa waone namna watu wa Lamu walivyoipatia nguvu sheria hiyo ilipokuwa ingali changa.

Kwanza tueleze jambo lenyewe kwa maneno machache. Makaa ya mawe, petroli na gesi vinapochomwa hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo hupanda angani, ikadumu huko miaka mingi sana, nayo hulizuia joto la ardhi lisitoke, mfano wa mtu aliyejifunika blanketi juu ya blanketi. Joto likizidi, maji ya bahari hutanuka na barafu huyeyuka, bahari ikapanda. Na mvua nayo huiacha desturi yake. Wakulima na wafugaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa haya na mtaalamu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana, na katika kaunti za kaskazini na mashariki mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Kisha, katika masika ya mwaka 2024, ikaja mvua ya kupita kiasi, na mafuriko yakaua karibu watu 300 nchini humo. Ni nchi ile ile iliyolia kwa kiu, kisha ikalia kwa maji.

Na hewa ya ukaa inayotoka Kenya, ukiilinganisha na ile inayotoka duniani kote, haifiki hata sehemu moja katika elfu. Hapo ndipo kijana hodari hutuuliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini nchi maskini ijifunge kwa sheria kwa sababu ya kosa la matajiri? Swali hili ni la haki, wala hatupendi kulikwepa. Jawabu lake ni kwamba sehemu kubwa ya sheria ya Kenya haihusu kujinyima. Yahusu kujitayarisha: visima, malambo, mbegu zinazostahimili ukame, maonyo ya mafuriko kabla hayajafika, na fedha za kuyafanya hayo. Anayejenga nyumba yake mahali pa upepo mkali huifunga paa kwa nguvu zaidi, ijapokuwa si yeye aliyeuleta upepo. Ama sehemu ile ya pili, inayohusu kupunguza moshi, nayo ina faida yake kwa wenyeji wenyewe, kama itakavyoonekana tukifika Lamu.

Sheria hii haikupita kwa wepesi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilitangulia kusema, katika kifungu cha 42, kwamba kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Baada ya hapo Bunge lilipitisha mswada wa kwanza juu ya tabianchi mwaka 2012, lakini Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia sahihi mwanzoni mwa mwaka 2013, kwa sababu, ilielezwa, wananchi hawakushirikishwa vya kutosha katika kuutengeneza. Walio wengi walisikitika, maana kazi ya miaka ilianguka siku moja. Sisi twaona kwamba sababu ile ilikuwa nzuri kuliko walivyoidhani wakati ule, kwa kuwa neno lile la kuwashirikisha wananchi lilirudi baadaye likaangusha jambo kubwa zaidi ya mswada. Mswada mwingine ukaandikwa, na mwezi wa Mei 2016 Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi, ukawa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, namba 11 ya mwaka ule. Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuwa na sheria ya namna hiyo.

Ndani yake mna mambo mengi ya ofisini, nasi hatutawachosha wasomaji kwa yote. Liko Baraza la Taifa la Mabadiliko ya Tabianchi, ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe. Iko idara ya wataalamu. Uko mpango wa taifa unaopaswa kutengenezwa upya kila baada ya miaka mitano. Uko mfuko wa fedha. Serikali za kaunti zimeamriwa kuitia habari ya tabianchi katika mipango yao ya maendeleo, na shule zimetakiwa kuifundisha. Haya yote ni mazuri yakitendeka, walakini kila mwenye umri wa kutosha katika Afrika ya Mashariki amekwisha ona mabaraza na mipango mingi iliyobaki katika makabati.

Lakini kimo kifungu cha 23, nacho chataka kusomwa polepole. Chasema kwamba mtu yeyote aweza kwenda mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi akadai kwamba mtu mwingine ametenda, au yumo kutenda, jambo litakaloziharibu juhudi za kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Na Mahakama yaweza kulizuia jambo lile, au kumlazimisha ofisa wa serikali atimize wajibu wake, au kuamuru walioumia walipwe. Tena mdai hahitaji kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amekwisha pata hasara.

Wasomaji waitafakari tofauti iliyopo hapa. Katika kesi nyingi za kawaida, mtu huja kwa hakimu baada ya kuumia: ng'ombe wake amekufa, shamba lake limeliwa, ndipo aseme. Madhara ya tabianchi hayangojeki namna hiyo. Moshi utakaotoka leo utamdhuru mtoto ambaye hajazaliwa, na pengine atakuwa mtoto wa nchi nyingine. Kama sheria ingalidai ushahidi wa hasara kwanza, isingalimfaa mtu kamwe. Kwa hiyo Katiba, katika kifungu cha 70, na sheria hii baada yake, zimempa mwananchi ruhusa ya kusema mapema. Twaweza kusema bila ya kuogopa kwamba ruhusa hii yazidi thamani ya mabaraza yote tuliyoyataja.

Sasa twende Lamu. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa mji ule; wa bara na ajue tu kwamba ni miongoni mwa miji ya kale kabisa ya Waswahili inayokaliwa mpaka leo, na kwamba mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuandika katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wake huishi kwa bahari. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti ya Lamu, na matope ya mikoko ile ndiyo malezi ya samaki na kamba wanaovuliwa nje ya ng'ambo zake. Tena mikoko huivuta hewa ya ukaa na kuizika katika matope, ikakaa humo kwa miaka mingi. Basi ni mlinzi wa wavuvi na wa dunia pamoja.

Ng'ambo ya bara, mahali paitwapo Kwasasi, palikusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wenye nguvu ya megawati 1,050. Ungalikuwa mtambo wa kwanza wa namna yake katika Kenya. Kampuni ya Amu Power ndiyo iliyopewa kazi, na makaa yenyewe yangaletwa kwanza kwa meli kutoka Afrika ya Kusini. Mtambo wa namna hii huyachoma makaa usiku na mchana ili kuchemsha maji yawe mvuke. Huvuta maji ya bahari ili kujipoza, kisha huyarudisha yakiwa na joto. Na huacha milima ya majivu ambayo ndani yake mna zebaki na risasi. Tarehe 7 Septemba 2016 mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, iitwayo NEMA, iliupa mradi huo leseni.

Ebu hesabu miezi. Rais alitia sahihi sheria ya tabianchi mwezi wa Mei. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ikatolewa mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Serikali moja, kwa mkono mmoja iliandika, na kwa mkono wa pili ikaelekea kufuta. Hatusemi haya kwa kuikebehi Kenya, kwani serikali nyingi duniani, za matajiri na za maskini, zimefanya kama hayo. Twasema ili vijana wafahamu kwamba kuandikwa kwa sheria si mwisho wa kazi, na kwamba wanaoitunga si lazima wawe ndio watakaoikumbuka.

Watu wa Lamu hawakuwa wageni wa mahakama. Wavuvi wao walikwisha fungua kesi mwaka 2012 kwa ajili ya bandari mpya iliyokuwa ikijengwa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Ama kwa leseni ya makaa ya mawe, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yampa mtu siku 60 tu za kukata rufani kutoka siku leseni inapotolewa. Siku 60 ni chache mno kwa watu wanaohitaji kutafuta wakili, kusoma ripoti nene iliyojaa istilahi za kitaalamu, na kuvuka maji kutoka kisiwa hata kisiwa kukusanya sahihi. Hata hivyo, jumuiya ya wenyeji iitwayo Save Lamu pamoja na watu wengine watano walifikisha rufani yao mbele ya Jopo la Taifa la Mazingira kabla mwaka ule haujaisha.

Kesi ilichukua karibu miaka mitatu. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo, chini ya mwenyekiti wake Mohammed Balala, lilitoa hukumu na kuifuta leseni. Sababu kubwa ya hukumu ile ni jambo ambalo mwanakijiji yeyote aweza kulifahamu: wenyeji hawakuulizwa kama sheria inavyoagiza. Kanuni za Kenya zataka, ripoti ya athari za mradi inapotengenezwa, matangazo yabandikwe mahali pa watu wengi, yachapwe katika gazeti kwa majuma mawili, yatangazwe katika redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu ifanywe pamoja na watu watakaoguswa. Mikutano ilifanyika, ni kweli. Lakini Jopo liliona kwamba ilikuwa ya utangulizi tu, iliyofanywa kabla ya uchunguzi wa madhara. Na uchunguzi ulipokwisha, watu hawakurudiwa ili waambiwe lililogunduliwa na waseme maoni yao.

Huku ni sawa na mtu anayekuja kuposa, akapokewa kwa chai na maneno mazuri, kisha akaondoka akatangaza kwamba ndoa imekubaliwa, hali mambo ya maana hayajatajwa. Kukutana peke yake hakuwi mashauriano. Mshauriwa apaswa kuwa na habari mkononi, na neno lake liwe laweza kubadili kitu. Nasi tuliokulia katika desturi ya shura twaijua tofauti hiyo tangu utotoni.

Jopo lilisema pia kwamba ripoti ile ilikuwa na mapungufu ya kitaalamu, na kwamba kuiacha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi bila ya kuitazama kulikuwa ni upungufu wenye uzito. Maneno yake juu ya sheria ile hayakuwa mengi. Lakini kwa mara ya kwanza wanaotaka kujenga mitambo mikubwa katika Kenya walijua kwamba hakimu atawauliza habari ya hewa ya ukaa, na kwamba jawabu la kunyamaza halitoshi. Mwaka ule ule, mwezi wa Novemba, Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambayo ilitazamiwa kuusaidia mradi, ilitangaza kwamba haitautilia fedha. Kampuni ilikata rufani, na rufani ile ilikaa miaka. Mwezi wa Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa, na hukumu ya Jopo ikabaki palepale.

Hapana budi tuseme la haki kwa upande wa pili. Wako vijana wa Lamu walioutaka mtambo ule, nao hawakuwa maadui wa mji wao. Waliahidiwa kazi, na kijana asiye na kazi hawezi kulishwa kwa uzuri wa mikoko. Wako na waliosema kwamba Ulaya ilitajirika kwa makaa ya mawe, na sasa yatuzuia sisi. Neno hilo lina ukweli mchungu. Ila Kenya ilikuwa na njia nyingine, nayo ilikwisha ianza zamani: mvuke wa chini ya ardhi huko Olkaria, upepo wa Turkana, maji ya mito na jua. Umeme mwingi wa nchi ile watoka huko, wala hauhitaji meli ya makaa kutoka nchi ya kigeni. Deni la kazi kwa vijana wa Lamu, hata hivyo, halikufutwa pamoja na leseni. Waliosimama mahakamani kuupinga mtambo, na serikali iliyoutaka, wote wawili bado wanadaiwa.

Tumetumia nafasi kubwa kwa Lamu, kwa kuwa jambo jipya limekwisha ingia, nalo litafika katika vijiji vingi vya pwani na vya bara bila ya moshi wala kelele. Mwezi wa Septemba 2023 sheria ya mwaka 2016 ilirekebishwa ili isimamie biashara ya hewa ya ukaa, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2024. Biashara hiyo ni hivi: kampuni ya ng'ambo inayotoa moshi hununua hati inayoonyesha kwamba mahali fulani msitu, mikoko au malisho yametunzwa na kuizika hewa kiasi fulani. Katika kijiji cha Gazi, kaunti ya Kwale, wenyeji pamoja na wenzao wa Makongeni wamekuwa wakifanya hivyo tangu mwaka 2013 kwa hekta 117 za mikoko, na fedha walizopata zimesaidia maji na shule. Ni mradi mdogo, unaoendeshwa na wanakijiji wenyewe, nasi twausifu.

Lakini si kila mradi ni wa Gazi. Huko Isiolo, wafugaji walikwenda mahakamani, na mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili, ambazo mojawapo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuuza hewa ya ukaa, zilianzishwa bila ya kufuata sheria. Tena lilikuwa neno lile lile la wenyeji kutoshirikishwa.

Sheria iliyorekebishwa yasema kwamba mradi wa ardhini uliomo katika ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba na jamii, na kwamba jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kuondolewa gharama za kuendesha shughuli. Maneno yale ya mwisho yasipitwe haraka. Mwenye kuhesabu gharama ndiye mwenye kuamua asilimia 40 ni ya kitu gani: ya gunia zima au ya makumbi.

Mikataba hii hufungwa kwa miaka 20 au 30, na aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Wazee wa kijiji huitwa, hupewa heshima zote, kisha huonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Vijana wetu waliosoma wana kazi hapo, nayo haihitaji shahada ya sheria. Waombe nakala mapema, waisome yote barazani kwa Kiswahili, mbele ya wanaume na wanawake, maana akina mama ndio wachukuao kuni na maji katika ardhi hiyo hiyo. Waulize gharama zitahesabiwa na nani, na ni nani atakayezikagua. Waulize kama mvuvi atazuiwa kupita, mfugaji kulisha, au fundi kukata boriti ya kuezekea nyumba yake. Waulize jamii yaweza kujitoa namna gani kampuni ikivunja ahadi. Na waulize, kabla kalamu haijashikwa, ukitokea ugomvi kesi itasikilizwa wapi: Malindi, ambako mvuvi aweza kufika kwa basi, au katika mji wa ng'ambo asioweza kuufikia.